Kabla ya Kuvuka, Fungua Boneti

Watu wakikutana siku hizi wanasema foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa mateso. Sawa, ilikuwa mateso, sibishi. Nimewahi kufika saa nne asubuhi nikavuka saa kumi jioni, jua linapiga bati la gari mpaka huwezi kuegemea mlango. Lakini mimi naitamani foleni ile. Nikilisema hilo kwenye chumba cha walimu wananicheka na kuniuliza kama nina homa, kwa hiyo nimeacha kulisema. Naliandika hapa. Atakayecheka, acheke.

Naitamani kwa sababu ya baba yangu. Baba hajafa, tuelewane. Yupo, anakula ugali wake na anabishana na redio kama kawaida. Ninayemtamani ni baba yule wa foleni, aliyeshuka garini kabla gurudumu halijatulia vizuri, akakunja mikono ya shati na kuita jina langu watu wote wasikie.

Aliendesha malori ya pamba maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alirudi nyumbani kwetu, ng'ambo ya Busisi, njia ya kwenda Sengerema, akiwa na gari dogo jeupe alilolinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma ualimu hapa Butimba. Kila likizo alikuja kunichukua, na ikiisha alinirudisha, na kwenda na kurudi tulikaa foleni tukisubiri pantoni. Wengine walishuka kununua sato wa kukaanga na mihogo ya kuchoma. Baba alishuka, akazunguka mbele, akafungua boneti.

Alikuwa na sheria moja: huvuki maji kabla hujafungua boneti. Na sababu alikuwa nayo. Alipokuwa kijana, lori lake lilizimwa ndani ya pantoni, na walipofika ng'ambo likagoma kuwaka. Nyuma yake kulikuwa na mabasi mawili, gari lililobeba mgonjwa, na umati wa watu wenye mizigo vichwani. Ikabidi abiria walisukume kulitoa, limejaa pamba mpaka juu, na kila aliyeweka mkono aliweka na tusi lake. Baba ni mtu wa majivuno kidogo, niseme ukweli. Matusi yale ameyahifadhi moja moja mpaka leo, na anajua nani alitukana nini.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma. "Shuka. Gari halijui kwamba wewe ni msomi."

Nilishuka nimenuna. Nilikuwa msichana wa chuo, nimevaa viatu vyeupe, na foleni nzima inatuangalia. Alinipa kitambaa, kipande cha fulana yake iliyokwisha, kazi ikaanza. Kwanza oili. Usipime injini ikiwa imezimwa sasa hivi, aliniambia, subiri oili ishuke chini itulie, na gari lisimame pasipo mteremko. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Ile ya kwanza ni ya uongo, ya pili ndiyo ya kweli. Kijiti kina alama mbili, na oili inatakiwa ifike katikati yake. Ikiwa chini unaongeza kidogo kidogo, unapima tena, siyo kumwaga tu kama unamwagilia mchicha. Halafu maji. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata aje waziri anayetaka kuvuka. Alikuwa na kovu la kuungua kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja, kwa hiyo hapo sikuhitaji maelezo marefu. Halafu mkanda wa feni, unaubonyeza kwa dole gumba uone kama umelegea. Halafu vichwa vya betri, unavisugua ule unga mweupe utoke. Halafu kile kikopo kidogo cha maji ya breki, unaangalia usawa wake bila kukifungua. Mwisho tairi zote nne, na ile ya tano ya akiba, ambayo watu huikumbuka siku ya pancha na kukuta nayo imelala.

Mwalimu mzuri hakuwa. Alifoka. Ukisahau kukaza mfuniko alikufokea mpaka muuza karanga akasogea kuangalia kuna nini. Siku moja nilirudisha kijiti cha oili bila kukifuta, nikakichomoa tena nikasema, "Iko sawa." Ha! Alinisema kuanzia pale Kigongo mpaka tulipoteremka Busisi, na alipoishiwa na maneno kuhusu oili akahamia kwenye matokeo yangu ya hisabati ya kidato cha pili. Nilikaa naye siku mbili bila kuongea. Leo ningetoa chochote anifokee hivyo.

Jambo moja tu alikosea, na alikosea kwa kiburi chake chote: rejeta aliijaza maji ya ziwa. Alichukua dumu, akateremka mpaka ukingoni, akachota na kuchuja kwa kitambaa. Fundi mmoja wa mjini alimwambia, "Mzee, maji haya yana tope, yataziba rejeta. Nunua yale maalumu ya kijani." Baba alimwangalia fundi wa watu kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Maji haya yamewalea ninyi wote," akasema, "yashindwe na gari?" Mimi siku hizi natumia yale ya kijani, ila chupa yake naificha chini ya kiti nikienda nyumbani.

Macho yake yalianza kumsumbua miaka michache iliyopita. Alikuja mwenyewe mpaka kwangu Butimba, akaingia getini kwa shida, akagonga pipa langu la taka likaviringika mpaka kwa jirani. Akatoka garini ameshika ufunguo.

"Chukua," akasema. "Pipa nimeliona nilipolisikia."

Tulicheka wote wawili. Kisha akakubali, bila kubishana, nimpeleke kupimwa. Hospitali walisema ni presha ya macho. Matone ya dawa yangeichelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Alirudi kwa basi akiwa amekaa kiti cha mbele, na gari likabaki kwangu.

Kuanzia hapo nilienda kuwasalimia kila mwisho wa mwezi, peke yangu. Nikifika Kigongo nilishuka na kitambaa changu na kufungua boneti. Wanaume hawakuvumilia. Alikuja mmoja, akaja wa pili, kila mtu fundi. "Dada, sogea nikusaidie." Mmoja nilimwambia kama anataka kusaidia ashike kitambaa, na maskini akakishika kweli mpaka nilipomaliza. Nikifika nyumbani nilimsimulia baba yote: oili imefika wapi, maji yamepungua kiasi gani, mkanda unasemaje. Alisikiliza amefumba macho, akiuliza maswali, na mwisho lazima apate kosa. Hapo ndipo aliporidhika na kuagiza chai.

Sasa niseme kosa letu, maana si langu peke yangu. Sisi tuliozoea kuvuka pale tuliikabidhi foleni ile utunzaji wote wa magari. Nani angeamka mapema nyumbani kwake kupima maji wakati kuna saa tatu za kukaa bure Kigongo? Pale ndipo watu walipokaza nati, wakajaza upepo kwa pampu ya mguu, wakagundua balbu ya breki imekufa kwa sababu dereva wa nyuma aliwaambia. Kivuko ndicho kilichotukumbusha. Mpira wa juu wa rejeta yangu ulikuwa unavuja kidogo kwenye klipu, na nilijua. Kila safari niliongeza maji kama glasi moja, nikajiambia mwezi ujao nitaukata au nitaubadilisha. Nikafunga boneti, pantoni ikaja, nikasahau mpaka foleni nyingine.

Halafu daraja walilokuwa wakilijenga miaka yote ile kando ya kivuko likafunguliwa. Mwanza nzima ilienda kulitazama. Watu walipiga picha, maharusi walipita juu yake wakipiga honi, na kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu dakika alizotumia kuvuka. Baba alinipigia simu wiki ileile. Hata salamu hakungoja.

"Mayu, nataka kulivuka. Ndani ya gari langu, ukiendesha wewe. Na nataka kuliona, siyo kusimuliwa."

Nilimwelewa. Nguzo za lile daraja alizifuata kwa macho tangu zinachomoza majini. Kila tukivuka na pantoni alisimama ubavuni akizihesabu, akibishana na abiria waliosema halitakwisha. Alikuwa ameanza kuhesabu anaona vizuri, na walipokaribia kumaliza alikuwa ananiuliza mimi, "Ile ya kushoto imefika wapi?" Mdogo wake alijitolea kumpeleka kwa basi, akakataa. Basi halitamsubiri atazame, alisema, na dereva wake hamjui. Alisema macho bado yapo kidogo, kwa hiyo nifanye haraka.

Nikasema mwezi huu huu. Mwezi huo ukawa wa mitihani. Uliofuata nikawa na semina, ukafuata msiba wa jirani, zikafuata mvua. Sitajitetea. Nilikuwa na Jumamosi nyingi tu ambazo nilizilala mpaka saa nne, nikaamka nikafua, nikaangalia tamthilia, huku nikijua kabisa kwamba ng'ambo kuna mzee ambaye siku zake za kuona zinaisha. Kila alipopiga nilimwambia mwezi ujao. Aliitikia tu. Baba, mtu wa kufoka, aliitikia "haya" na kukata simu, na mimi mjinga nikaona ameelewa.

Mara ya mwisho alipiga mama. "Uje," akasema. "Usiniambie mwezi ujao. Uje."

Mama si mtu wa kusema neno mara mbili. Jumamosi ile ile nikawasha gari. Mpango ulikuwa nifike kabla ya chakula cha mchana, nile, niwachukue wote wawili, tulivuke daraja mchana kweupe, walale kwangu na Jumatatu nimpeleke baba kliniki.

Kigongo sikusimama. Nisimame nifanye nini? Sehemu ile tulipokaa foleni nilipita mbio hata sikugeuza shingo. Nikaingia darajani, maji huku na maji huku, nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Kabla sijamaliza kushangaa nilikuwa nimefika ng'ambo. Nikawa nawaza atakavyosema, atakavyoniamuru nipunguze mwendo, na nikawa nacheka. Nilikuwa nimeiacha Busisi nyuma, napanda mlima, niliposikia harufu tamu ya kitu kinachoungua. Mshale wa joto ulikuwa umelala juu kabisa, sijui tangu saa ngapi.

Nikaegesha pembeni, nikazima. Mvuke ulitoka kwenye kingo zote za boneti. Gari limechemsha. Nikasimama pale nimeshika kiuno, na ndipo ikaniingia akilini kwamba tangu kivuko kiache kunichelewesha, miezi yote ile ya kuzunguka mjini, sikuwa nimefungua boneti hata siku moja. Nililitukana gari, nikalitukana daraja, kisha nikajitukana mimi, na hapo matusi yakawa yamefika kwa mwenyewe.

Nikasubiri. Zaidi ya saa nzima nilikaa kwenye jiwe nikitazama mfuniko wa rejeta bila kuugusa. Madereva wawili wa bodaboda walisimama, wa kwanza akasema mwagia maji ya baridi, wa pili akasema fungua tu kwa kitambaa. Nikawaambia baba yangu ana kovu, hawakunielewa, wakaenda zao. Injini ilipopoa nikaona tatizo: mpira ule wa juu ulikuwa umepasuka mwishoni, palepale penye klipu. Nilikuwa na kisu cha kumenyea maembe. Nikalegeza klipu kwa bisibisi, nikauchomoa mpira, nikakata ile sehemu iliyochanika kama upana wa vidole viwili. Uliobaki ukafika, kwa kuuvuta. Nikaurudisha, nikaikaza klipu mpaka kiganja kikauma. Maji yangu yote ya kijani yalikuwa barabarani, chupa ya chini ya kiti ilikuwa tupu, na sikuwa na maji mengine.

Nilisubiri mpaka jua likaanza kushuka, ndipo akapita mama mmoja mtu mzima ana ndoo kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Limekufa?"

"Hapana mama, limechemsha tu."

"Kama mume wangu," akasema. "Naye ukimpa maji anatulia." Akashusha ndoo yake, akanipa yote, akarudi kuchota nyingine huku akinicheka.

Nikajaza polepole. Nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi, nikafungulia na hita ya ndani, mapovu yakatoka, maji yakashuka, nikaongeza, yakatoka tena, nikaongeza, mpaka yakatulia. Nikafunga. Nilikuwa nimelowa jasho, sketi yangu ya safari ina weusi mpaka magotini, na nilijisikia mtu. Hakuna fundi aliyeshika kitu pale. Niliondoka taratibu, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale.

Nilifika kuku wanaingia bandani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti nje, uso ameuelekeza barabarani, amevaa koti lake la kanisani. Mama alininong'oneza kwamba amelivaa tangu saa mbili asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu. Umechelewa. Daraja tutaliona kesho."

Basi, hilo tu. Nikamwambia kulikuwa na mambo njiani. La kuchemsha sikulisema kwa sababu nilikuwa nalitunza. Nilitaka kumsimulia tukiwa mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, anifokee inavyotakiwa. Wakati wa chakula mama alimshika mkono, akamwekea kikombe cha chai ndani ya vidole na kuvikunja. Nikawatania kwamba mapenzi ya uzeeni yamezidi. Mama alitabasamu kidogo akainamia sahani yake.

Jumapili asubuhi nilitoka mapema kabla hawajaamka, nikapima mwenyewe. Maji yalikuwa palepale, mpira mkavu. Oili ilikuwa imeshuka vibaya, imebaki kwenye ncha ya kijiti tu, chini kabisa ya alama ya chini. Kwenye buti nilikuwa na galoni la oili. Nikalitoa, nikashika mfuniko wake, halafu nikalirudisha. Nikaacha vilevile. Nilijua kwamba baba hatapanda gari kabla hajakagua, na nilitaka aikute. Nilitaka aseme, "Hii ni nini, mayu? Ndivyo nilivyokufundisha?" Mwanamke mzima, mwalimu, nina watoto wa watu hamsini na kitu wananiogopa, na nilisimama pale uani moyo unanidunda kwa hamu ya kufokewa.

Baada ya chai alitoka amevaa koti, ameshika ukuta. Akafika kwenye gari, akalipapasa ubavuni mpaka mbele. Boneti aliifungua mara moja, lachi yake anaijua kuliko vifungo vya shati. Akainua, akaweka kile chuma cha kuishikilia. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kijiti. Akanyoosha mkono mwingine, nikampa kitambaa. Akachomoa, akafuta, akarudisha mpaka mwisho, akachomoa tena. Akakiinua mbele ya jua, akakitazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande mmoja, vilevile alivyofanya Kigongo miaka yote ile.

Kijiti kilikuwa kikavu. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilikiona. Tone moja lilikuwa linaning'inia nchani.

"Iko katikati," baba akasema. "Safi kabisa. Umelitunza, mayu."

Nikamwangalia usoni. Macho yalikuwa yametazama jua moja kwa moja, hayapepesi. Haoni. Haoni kijiti, hanioni mimi, haoni hata mwanga unaomchoma. Nikageuka, mama alikuwa mlangoni na ufagio, ameweka kidole mdomoni. Machozi yalinitoka palepale na nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba hawezi kuyaona.

"Asante, baba," nikasema.

Mama alimwita ndani abadilishe viatu. Alipoingia nilimimina oili haraka haraka, nikapima, nikaongeza, nikapima. Mama akarudi akasimama karibu yangu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni kama miezi miwili sasa, na kwamba amekatazwa kusema. Baba alisema nikijua nitaanza kulia, na nikianza kulia sitampeleka, nitamkimbiza hospitali na daraja litaishia hapo. "Anataka kwenda kuliona," mama akasema. "Mpeleke aone."

Tukaondoka. Baba mbele, mama nyuma na kapu la viazi vitamu. Baba alishusha kioo chake, akaweka kiwiko dirishani, na njia nzima aliuliza tumefika wapi kwa ujanja: "Hapa si ndipo palikuwa na duka la yule mrefu?" Mimi nikajibu kwa ujanja wangu. Kabla ya Busisi barabara ilibadilika. Tuliingia kwenye lami mpya, ile waliyoijenga kuelekea darajani, na matairi yakaacha kunguruma, gari likawa linateleza tu. Baba akashtuka. Akakaa wima, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Hili hapa!" akasema. "Hili hapa, mayu! Punguza mwendo!"

Nje kulikuwa na shamba la mihogo na mbuzi wawili waliofungwa kamba. Daraja lilikuwa bado mbele huko, hata halijaonekana.

Nilikuwa na muda wa kusema neno. Bado kidogo, baba. Maneno matatu. Nilifungua mdomo, nikauona uso wake jinsi ulivyochangamka, umerudi ule wa foleni, nikafunga mdomo. Nikapunguza mwendo. Nikaenda taratibu mpaka bodaboda zikawa zinatupita.

"Limenyooka, eh?"

"Limenyooka, baba."

"Tazama ziwa lile! Na nguzo zenyewe. Niliwaambia litakwisha, wakabisha." Alitazama kulia, akatazama kushoto, mihogo huku na mihogo huku. Alitazama muda mrefu. Kisha akashusha pumzi, akaegemea kiti. "Haya, kanyaga mafuta. Nimeliona."

Nikakanyaga. Tukapita Busisi, na likaja, daraja lenyewe, na maji yote yale meupe kwa jua. Kwenye kioo cha ndani nilimwona mama, ambaye naye hakuwahi kulivuka. Alifungua mdomo kushangaa, akauziba kwa kanga.

"Mbona upepo mkali hivi?" baba akauliza.

"Ni wa ziwa tu, baba."

Akapandisha kioo, akaendelea kunieleza jinsi daraja lilivyokuwa, na mimi na mama tukalivuka.